Piano ya kuvaa mabegani: tumuulize kwanza mwenye kuibeba

Leo siandiki juu ya bei ya coltan wala juu ya karatasi za kooperative. Naandika juu ya piano. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, kwani pesa inayozungumzwa humu ni yenu.

Mwaka jana tulimzika mwenzetu aliyefunikwa na udongo shimoni. Mnajua namna tunavyosindikizaka mutu: korale mbele, sanduku katikati, halafu sisi wengine na mabote yetu. Siku ile ngoma zilitembea, gita ilitembea, waimbaji walitembea. Piano ilibaki nyumbani kwa marehemu, imefungwa na ralonji kwenye prizi ya jirani, na umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mpiga piano wetu ni binti ya kaka yangu. Alitembea mikono mitupu mpaka makaburini. Tulipofika akaniambia: "Baba mudogo, miye njo napigaka kila siku ya Mungu. Lakini siku ya kusindikiza mutu, nabakiaka sawa mugeni."

Neno hilo nililipeleka kwenye kikao. Ninyi mnaoweka franka zenu kila juma mnajua kwamba sanduku letu linamlipa mjane kwanza, na hiyo hatuigusi. Lakini kuna sehemu ndogo tuliyotenga kwa ajili ya korale, na kikao kilikubali inunue ile piano ya kuvaa mabegani kama gita, ambayo wazungu wanaiita keytar. Tangu siku ile ni mabishano. Mmoja anataka yenye taa nyingi. Mwingine anataka ya bei ya chini kuliko zote. Mzee mmoja anasema ni mchezo wa vijana wa televisheni.

Kwa mzee huyo ninajibu kwa heshima: kupiga piano ukiwa umeivaa si jambo geni kwetu. Nani asiyelijua jina la Camille Feruzi, na akordeoni yake? Akordeoni ni nini kama si piano ya kuvaa kifuani? Ilitembea mtaani na haikuomba prizi kwa mtu. Umeme njo ulikuja kuifunga piano kwenye ukuta. Mwaka 1980, kampuni ya Moog ya Marekani ilitoa piano ya umeme ya kuvaa, jina lake Liberation, maana yake ukombozi. Lakini ukombozi huo ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 6, na bado ulivuta kamba nyuma yake. Mwaka 1987, Yamaha ya Japani ilitoa SHS-10, ndogo, ya kutumia mapile, lakini vibao vyake vilikuwa 32 tu, vyembamba kama vya mtoto. Tangu wakati ule mafundi wanahangaika kati ya mambo hayo mawili: ukitaka nyepesi, vibao vinakuwa vidogo, ukitaka vibao vya mkono wa mtu mzima, bega linalipa.

Mpaka leo ni vile vile. Roland AX-Edge, iliyotoka mwaka 2018, ina vibao 49 vya kipimo kamili, lakini uzito wake ni kama kilo 4 na haina bafle ndani yake. Yamaha SHS-500, iliyotoka mwaka 2019, ina kilo 1 na nusu tu na bafle ndogo ndani, lakini vibao ni 37, tena vyembamba. Hakuna inayotoa yote. Njo maana lazima mtu achague. Na swali langu ni hili: nani achague?

Miye sijui kupiga. Kwa hiyo nilifanya kazi ninayoijua, kazi ya sendika: nilikaa na wapiga piano watatu wa korale za Majengo, nikauliza, nikaandika. Hakuna hata mmoja aliyeniambia juu ya taa.

Wa kwanza aliongea juu ya mkanda na uzito. Si kilo peke yake, alisema, ni upande gani kilo zinavuta. Kama shingo ya piano inainama chini kila ukiiachilia, mkono wa kushoto utakuwa wa kubeba, si wa kupiga. Na mkanda mwembamba unakata bega. Wachimbaji, nani kati yetu hajui habari hiyo? Mfuko wa kilo 50 uliofungwa vizuri mgongoni ni mwepesi kuliko wa kilo 30 uliofungwa vibaya.

Wa pili, binti yetu, aliongea juu ya mkono wa kushoto. Kanisani mkono huo unapiga besi. Kwenye piano ya kuvaa unakwenda shingoni, kwenye vitufe vya kupandisha sauti na kuipinda. Kwa hiyo, akasema, mkininunulia hii bila mpiga gita ya besi, wimbo utakuwa na kichwa bila miguu. Akaongeza jambo ambalo sikulifikiria kabisa: "Njia zetu ni mawe ya volkano. Nikitembea, macho yangu iko ku miguu. Vile vitufe, kidole kivipate bila miye kuangalia." Je, fundi aliyekaa kwenye ofisi ya sakafu laini angejua hilo?

Wa tatu aliongea juu ya mapile. Anataka yale ya kawaida, yanayouzwa kwenye kila meza ya soko la Virunga, si betri ya peke yake ambayo ikikufa unaagiza ng'ambo. SHS-500 inakula mapile 6 ya aina hiyo, AX-Edge inakula 8, tena inataka yale ya kuchaji. Anataka pia tundu la kamba lililokazwa kwa chuma, kwa sababu piano nyingi zinaanza kufia hapo, na skrubu zinazofunguka, ili mafundi wetu wa redio waweze kuingia ndani. Vumbi letu jeusi linaingia kila mahali. Chombo kisichofunguka ni chombo cha kutupa.

Niliposikia hayo nilikumbuka mabote. Miaka ya nyuma msaada mmoja ulituletea mabote ya kazi, mazuri, mapya. Karibu yote yalikuwa ya namba kubwa. Hakuna aliyetuuliza miguu yetu iko na ukubwa gani. Tuliyajaza vitambaa, tukaanguka nayo kwenye udongo wa mvua, mwisho tukayauza. Aliyeleta alikuwa na roho nzuri, lakini kosa lake lilikuwa kutouliza. Sasa sisi, tulionung'unika siku ile, tunataka kumfanyia binti yetu vile vile?

Tazameni chukudu. Hakuna injinia wa ng'ambo aliyeichora. Fundi anamuuliza mwenye kuisukuma: unabeba nini? Viazi kutoka Kibumba? Makaa? Mbao? Wewe ni mrefu au mfupi? Njo anakata mti. Ndiyo sababu chukudu inabeba mizigo ambayo ukiangalia huamini. Amejibiwa na mwili wa mwenye kazi.

Kuna jambo lingine, na hili ni letu sisi wa mashimo. Mapile yanatosha na piano inakuwa nyepesi kwa sababu vitu vya ndani vimekuwa vidogo. Katika vyombo vingi vya umeme vya kisasa kuna vipande vidogo kama punje ya mchele vinavyohifadhi umeme, vilivyotengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka kwenye coltan. Sisemi kila piano iko na jiwe la Rubaya ndani. Lakini nchi yetu ni kati ya zinazotoa coltan nyingi kuliko zote duniani. Mtu akifurahi ng'ambo kwamba chombo chake ni chepesi, huenda uzito ule umebaki hapa, mgongoni mwa mtu wa Masisi. Mafundi wa ng'ambo wanawauliza wapigaji wanataka nini, na ni vizuri. Siku moja wamuulize na mchimbaji: unataka nini? Jibu letu wanalijua: mti wa kushikilia shimo, hewa, bei ya haki. Lakini kabla hatujadai kuulizwa, na sisi tujifunze kuuliza.

Kuna mama aliyeniambia: "Watoto wanakosa minerval, na ninyi mnanunua muziki?" Mama, neno lako ni la kweli na silikimbii. Ndiyo maana nasema tusinunue vibaya. Piano isiyopigika ndiyo wizi wa minerval.

Kwa hiyo, kwenye kikao kijacho, napendekeza hivi. Kwanza, wapiga piano watatu wakae nasi mezani wakiwa na sauti, si kama wageni. Pili, hakuna kulipa kabla binti yetu hajaivaa nusu saa nzima akitembea. Tatu, pesa isiishe yote dukani: ibaki ya mapile, ya fundi, na ya bafle ndogo ya betri inayoweza kubebwa, kwa maana bila hiyo hata waliobeba sanduku hawataisikia.

Mungu atuepushe na matanga mengine. Lakini tunajua kazi yetu. Siku ikifika, yule binti asitembee tena mikono mitupu.