Mwanafunzi anayeishi nyumbani asifungiwe mlango wa usuhuba

KILA mwaka vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, familia nyingi za Kiislamu za Mbezi Beach hukaa kikao kimoja: kijana aende bweni, au aendelee kulala nyumbani? Mara nyingi jibu hutolewa na mfuko. Bweni ni gharama, na nafasi zenyewe ni haba. Mabweni yaliyozinduliwa Aprili 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, lakini wako wengi ambao bado hulala nje ya chuo. Basi mzazi mwenye nyumba Mbezi Beach humshukuru Mola wake, akaona suala limekwisha.

Sisi tunasema kwamba hapo ndipo suala linapoanza. Kuishi nyumbani ni neema, wala hatuna nia ya kuidharau. Kijana hula chakula cha mama yake, huamshwa kwa sala ya Alfajiri, na akiugua yupo wa kumuuguza. Hata hivyo, neema hii ina haki zake, na haki mojawapo inayosahauliwa sana ni haki ya kijana kupata marafiki wema katika safari yake ya elimu.

Hebu tuitazame siku yake. Hutoka kungali na giza, akapanda daladala Afrikana au Tangi Bovu, akapita Lugalo hadi Mwenge, na hapo hutafuta gari jingine la kumfikisha Mlimani. Vipindi vikimalizika, wenzake hubaki kwenye vimbweta wakijadili masomo, au huenda kula pamoja. Yeye hutazama saa, maana foleni ya jioni anaijua, na nyumbani ameambiwa Magharibi isimkute njiani. Huwaaga na kuondoka. Ikiwa ni binti, kazi za jikoni zinamngoja. Ikiwa ni mvulana, pengine dukani hakuna wa kukaa. Mwaka wa kwanza hupita akiwa anazijua sura za wenzake mia mbili, na hana hata mmoja wa kumwambia kwamba somo limemshinda.

Upweke wa namna hii una madhara mawili. La kwanza ni la masomo: mengi hufahamika katika majadiliano baada ya mhadhara, na asiyekuwepo hubaki nyuma. La pili ni zito zaidi. Kijana anayekatazwa kila usuhuba hujifunza kuuficha. Husema mhadhara umechelewa kumbe hapakuwa na mhadhara. Au hukaa chumbani usiku kucha na simu, akizungumza na watu ambao wazazi hawawajui kwa jina wala kwa sura. Mzazi hudhani amemlinda mwanawe, ilhali amemfundisha uongo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Uislamu umetupa mfano mwema. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliishi Awali, pembezoni mwa Madina. Kwenda kila siku kwa Mtume (s.a.w.) hakukuwa kwepesi. Akakubaliana na jirani yake wa Kiansari wapokezane zamu: leo anakwenda huyu, kesho yule, na kila anayerudi humpasha mwenzake elimu na habari za siku hiyo. Tena siku moja jirani huyo alikuja usiku akagonga mlango kwa nguvu kwa ajili ya habari nzito, na Umar akatoka kumsikiliza. Umbali wa makazi haukumkosesha Umar elimu, kwa sababu alikuwa na rafiki. Na mwanawe Abdullah, alipokuwa kijana asiye na mke, alikuwa akilala msikitini Madina, mahali walipokuwapo wanafunzi wa Mtume.

Imepokewa pia kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuyavumilia maudhi yao ni bora kuliko anayejitenga. Mtume (s.a.w.) akatufundisha kuchagua, akamfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mfua chuma. Asiyeruhusiwa kumkaribia yeyote hawezi kujifunza kupambanua harufu hizo mbili.

Kwa hiyo tunawausia wazazi. Kwanza, fungueni milango. Sebule ya Mbezi Beach inayokaa tupu kutwa yaweza kupokea wanafunzi wanne Jumamosi na vitabu vyao. Mzazi atawasalimu, atawajua, na atalala bila wasiwasi. Pili, kaeni na kijana na ratiba yake, mkubaliane siku mbili katika wiki za kuchelewa kwa sababu inayojulikana na usafiri unaojulikana. Tatu, wapunguzieni kazi siku za mitihani, mabinti kwanza, maana wao ndio wanaobebeshwa zaidi. Na msimkatae mwenzao asiyekuwa Muislamu kwa sababu hiyo tu. Qur'ani haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita.

Nanyi vijana, msikimbilie Mwenge kila kipindi kinapokwisha. Salini Adhuhuri kwa jamaa pale chuoni, kwani safu ya sala ni mahali pa kuanzia urafiki. Mvulana na binti wakihitaji kujadili somo, na wawe katika kikundi, mahali pa wazi. Maktaba mpya ya Mlimani iliyozinduliwa mwaka 2018 ina nafasi ya kutosha. Mtafuteni anayepanda gari la njia yenu, kwa kuwa saa mbili za foleni zinatosha kupitia somo zima. Na mkichelewa, semeni kweli mlikokuwa, ili ruhusa ya kesho isiwe ngumu.

Miaka mitatu au minne ya chuo hupita upesi. Baadhi ya marafiki wanaopatikana humo ndio watakaokuwa washirika wa biashara, mashahidi wa ndoa na wabebaji wa jeneza. Tuwasaidie watoto wetu wawapate tukiwa tunaona, kabla hawajawapata tusipoona.

Wabillahi tawfiq.