Kampasi ya Kigoma ihesabiwe tangu mlangoni

UPEPO WA ZIWA
Na Shabani Ntakije

Pale Mwanga, mjini Kigoma, kampasi ya MUHAS ikitajwa, mazungumzo huishia kwenye viwanja na kodi za nyumba. Mwenye vyumba vya uani anapiga hesabu ya wapangaji. Mama mwenye mgahawa jirani na soko anawaza chapati za asubuhi. Ni haki yao. Mradi wa HEET, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 425, ulikusudia kupeleka kampasi za vyuo vikuu vya umma kwenye mikoa iliyosahaulika, na Kigoma ikaangukia Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Kwa mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2022, ambao kijana wake aliyetaka chuo kikuu alijiandikisha kituo cha Chuo Kikuu Huria au akapanda treni, hiyo ni habari kubwa.

Kuna swali ambalo halijafika vijiweni. Nani ataingia katika kampasi hiyo, nani atatoka na shahada, na nani atasimama mbele ya darasa?

Kulijibu kunahitaji ukaguzi wa usawa na ujumuishaji. Ni kazi ya kawaida kabisa, isiyohitaji semina ya siku tatu hotelini. Wakaguzi huanza na takwimu: walioomba, waliopokelewa, waliokatiza masomo, waliohitimu, walioajiriwa, waliopanda cheo, kila kundi kwa jinsia, ulemavu, wilaya na aina ya shule. Kisha wanasoma nyaraka, kuanzia sera ya malalamiko hadi ratiba ya mitihani. Halafu wanakaa na watu faragha, wakiwamo wapishi na walinzi. Mwisho wanatembea: wanapanda ngazi, wanafungua vyoo, wanapima upana wa milango. Ripoti inayotoka humo inataja kasoro, ofisi itakayoirekebisha, fedha na tarehe.

Wakenya wana uzoefu katika hilo. Sheria yao ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilipokagua vyuo vikuu vya umma ilikuta vingi vimevunja sheria hiyo, na mara nyingi kabila lililozidi lilikuwa la wenyeji wa pale chuo kilipojengwa. Septemba 2016, Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kukaimu umakamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi, wanasiasa wa eneo hilo, magavana wakiwamo, waliandamana kumpinga wakidai nafasi hiyo ni ya mtu wa kwao. Takwimu za ukaguzi zilikuwapo. Hazikumzuia mtu yeyote kuingia barabarani, lakini zilimnyima nafasi ya kusema kwamba tatizo halipo.

Tanzania haihesabu makabila. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza swali hilo, na wengi wanaona ni busara liendelee kulala. Busara hiyo isigeuzwe kisingizio cha kutohesabu chochote. Wilaya alikozaliwa mwanafunzi inajulikana. Shule aliyosoma inajulikana. Kama alisoma shule ya kata iliyokaa miaka bila mwalimu wa fizikia, au ya binafsi yenye maabara tatu, hilo nalo linajulikana.

Mara moja nchi hii ilihesabu, ikashtuka, ikabadili mwelekeo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema. Kumbe binti akishaingia kazini huolewa na kuzaa, na barua ya mwajiri ya kumruhusu akasome haiji. Wanawake Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapungua. Haikupita miaka mitatu serikali ikawaruhusu waingie moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kanuni ilikuwa moja kwa wote. Matokeo ndiyo hayakuwa sawa, na bila idadi mkononi yasingeonekana.

Makerere ya Uganda nayo ilijaribu kurekebisha pengo kama hilo. Mwaka 1990 iliamua kumwongezea kila binti anayeomba nafasi ya serikali pointi 1.5. Wasichana waliongezeka, na chuo hakikuporomoka kama walivyotabiri waliolia juu ya kushusha viwango. Ila wachunguzi walipoitazama orodha kwa makini waliona kwamba walionufaika zaidi ni mabinti wa shule zenye majina na nyumba zenye uwezo. Anayehesabu jinsia peke yake atamwona binti wa Kampala na asimwone wa Karamoja.

Kuna mambo ambayo takwimu za udahili haziyafikii. Mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na maandishi ya ukutani ya kundi lililojiita Punch. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipaza sauti, na chuo kikalazimika kujitazama. Miaka 28 baadaye, mhadhiri Vicensia Shule aliandika mtandaoni kuhusu rushwa ya ngono chuoni hapohapo, na mwaka 2020 taasisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU, ikatoa utafiti wake juu ya jambo hilo katika UDSM na Chuo Kikuu cha Dodoma. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi katika kifungu cha 25. Sheria ilikuwapo, sera zilikuwapo. Kilichokosekana ni mlango ambao mwanafunzi mwenye sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, angeugonga bila kuogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Kwa hiyo ukaguzi wa Kigoma unapaswa kwenda mbali kuliko jedwali la wanaume na wanawake.

Kwanza uanzie nje ya geti. Udaktari unadai fizikia, kemia na baiolojia. Ni shule ngapi za mkoa huu zinafundisha tahasusi ya PCB, na ngapi kati ya hizo zinapokea wasichana? Binti wa Kagunga au Kalya, ambaye njia yake ya kwenda mjini mara nyingi ni boti, atafikia wapi maabara? Mkoloni aliifanya Kigoma ghala la manamba. Mawakala wa mkonge waliwachukua Waha kwa maelfu kwenda Tanga na Morogoro, huku shule zikijengwa kwingine. Kampasi iliyojaa vijana wa mikoa mingine, na wenyeji wakibaki walinzi na wapishi, itakuwa imeendeleza historia hiyo kwa koti jeupe.

Pili, wenye ulemavu. Kabanga, kule Kasulu, ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa humo wakati wa mauaji ya miaka ya 2000. Wengi wao leo ni watu wazima. Je, maandishi ya ubaoni yatasomeka kwa mwenye uoni hafifu? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikungoja kampasi ijengwe ndipo idai njia za viti vya magurudumu.

Tatu, uraia na imani. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa uraia wa Tanzania. Watoto wao ni Watanzania, lakini karani akiona jina na mahali pa kuzaliwa huweza kurudisha fomu ya mkopo mara tatu. Ratiba nayo ina la kusema: mtihani wa Ijumaa saa saba mchana unamgusa kijana wa Ujiji, na wa Jumamosi unamgusa Msabato wa milima ya Buhigwe.

Nne, kinachotokea baada ya udahili. Mnunuzi wa dagaa Kibirizi hahesabu mitumbwi iliyotia nanga. Anauliza kiasi gani kilikauka na kiasi gani kiliozeshwa na mvua. Chuo nacho kiseme wangapi wa mwaka wa kwanza walifika wa tano, nani alikosa bumu, yaani fedha ya mkopo, nani alilala kwa kubebana kwa sababu hosteli ilijaa, na nani aliondoka bila kuaga.

Wapo watakaosema kampasi ni changa, iachwe isimame kwanza. Hoja hiyo imekaa kichwa chini. Katika chuo kikongwe kila nafasi ina mwenyewe, na kila desturi ina mtetezi wake. Katika chuo kipya ajira huwa hazijatangazwa zote, na kasoro hazijageuka desturi.

Baraza la MUHAS liagize ukaguzi wa kwanza kwa kundi la kwanza la wanafunzi wa Kigoma, liukabidhi kwa watu wasiolipwa na menejimenti ya kampasi, na libandike matokeo kila mwaka kwenye ubao wa chuo na ofisi za kata, Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini zikiwamo. Wabunge na madiwani wa mkoa ndio wanaopaswa kuidai ripoti hiyo.