Mwendo wa Polepole ni wa Nani?

Mwezi uliopita tulipata mgeni kwenye kikundi chetu cha vijana. Dada mpole tu, amekuja kujitolea wiki tatu. Akafungua laptop, akatuonyesha picha za safari yake ya Hispania: yeye na mchumba wake, gari la kukodi, siku 12, hakuna haraka. Ronda, Grazalema, Setenil ambako nyumba zimejengwa chini ya mwamba, halafu vijiji vyeupe vya Alpujarra kule milimani. Akasema, "Tulikuwa tunasimama popote tulipopenda."

Kijana wetu mmoja wa miaka 17 akanyoosha mkono: "Vizuizi vya polisi njiani vilikuwa vingapi?" Dada akacheka, alidhani ni utani. Haukuwa utani.

Baadaye wenzangu wawili walinivuta pembeni. "Kaka, picha za namna ile usiruhusu tena, zinawaumiza watoto." Mimi napinga, na ndiyo maana naandika. Picha hazikumuumiza mtu. Sisi siyo mayai. Kinachoumiza ni hadithi kukatwa nusu, tukapewa maua na mawe, watu wakaachwa nje.

Hebu tuisome nusu iliyobaki. Miji mingi ya upande ule inaitwa "de la Frontera": Arcos de la Frontera, Jerez de la Frontera. Frontera maana yake mpaka. Miaka na miaka pale palikuwa mpaka wa vita kati ya wafalme Wakristo na watawala Waislamu. Ronda ilitekwa 1485, Granada 1492, na mwaka huohuo Wayahudi wakaamriwa wabatizwe au waondoke. Alpujarra waliasi 1568. Waliposhindwa, watu wakatolewa kwenye vijiji vyao kwa nguvu, familia nyingine zikaletwa kukaa mle. Kuanzia 1609 hadi 1614 Wamorisko, yaani wajukuu wa Waislamu wale, karibu 300,000, walifukuzwa nchini kabisa. Mifereji ya maji ambayo mtalii anaipiga picha Alpujarra, ufundi wake umetoka kwa watu waliofukuzwa.

Walienda wapi? Wengi walivuka bahari hadi Afrika Kaskazini. Huko Tunisia, wakimbizi wale wakajenga mji wa Testour, wakalima, wakafanya kazi, na leo watalii wanaenda kuutazama nao. Mkimbizi aliyeachiwa ardhi na nafasi alijenga mji. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili.

Na siyo mambo ya kale peke yake. Mwanzoni mwa 1939 Wahispania karibu nusu milioni walikimbilia Ufaransa, wakivuka milima ya Pyrenees kwenye baridi. Wengi walifungiwa kwenye mchanga wa pwani ya Argelès, ndani ya seng'enge, mwanzoni bila hata kibanda. Leo kwenye mpaka uleule gari linapita, kwa kawaida bila kusimamishwa. Milima haikuhama. Watu walikaa wakaandika sheria nyingine.

Sasa njoo kwetu. Mwaka jana niliomba kibali cha vijana 12 kwenda mji wa jirani, kuona maktaba na soko, kurudi jioni. Ofisi moja ilinizungusha wiki tano. Mwisho nikajibiwa: hakuna sababu ya msingi. Nauliza, sababu ya msingi ya yule dada ilikuwa nini? Kupenda tu. Na simlaumu! Kupenda kuona dunia ni sababu nzuri kuliko zote. Ninachokataa ni kwamba kwake inatosha, na kwetu mpaka mtu augue ndiyo aruhusiwe kutoka.

Najua nchi mwenyeji ina hofu zake, na ilitupokea sisi wakati wengine wamefunga mlango. Shukrani hiyo tunayo. Lakini kijana aliyezaliwa humu kambini, akafika miaka 17 hajawahi kuona mataa ya barabarani, hamlindi mtu yeyote kwa kukaa ndani. Anaoza tu polepole, na polepole hiyo siyo ile ya likizo.

Kwa wenzangu: msifiche picha. Waacheni vijana waone, halafu wafundisheni nani alijenga, nani alifukuzwa.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mkituletea safari zenu, leteni na historia yake. Na mkikaa kwenye vikao ambavyo sisi hatuingii, ombeni kitu kidogo hiki: kwenye fomu ya kibali, chini ya matibabu na mahakama, iongezwe sababu moja, "kutembea na kujifunza".

Mwezi ujao napeleka ombi tena. Majina ni yaleyale 12, na yule wa vizuizi nimemwandika wa kwanza.