MAKATO YAKICHELEWA, JINA LINALOCHAFUKA NI LETU

Ndugu wafanyakazi, tangu mwaka 2008 hapa Uganda habari za mikopo hutunzwa na ofisi maalumu yenye leseni ya Benki Kuu. Benki hupeleka huko majina: nani amelipa, nani amechelewa. Siku hizi mteja aweza kuona alama zake katika programu ya benki kwenye simu, kama benki yake inayo huduma hiyo. Wengi wetu hatufungui. Twasema hayo ni mambo ya matajiri.

Wenzetu watatu wa karakana walifungua, wakajikuta wameandikwa wachelewaji. Nao hawakuchelewa hata siku moja! Mwajiri alikata mkopo kwenye mishahara yao, lakini fedha zilifika benki baada ya majuma sita. Mmoja alikuwa akitafuta mkopo wa karo. Alinyimwa.

Sisi twasema fedha ikishakatwa si ya mwajiri tena. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa haki ya kupewa hati ya malipo inayoonyesha makato. Zitunzeni hati hizo, hata zilizokunjamana. Tazameni alama zenu kabla ya kuomba mkopo, si baada ya kunyimwa. (Namba ya siri usimpe mtu, hata katibu wa tawi.) Palipo na kosa, iandikieni benki barua, mwambatanishe hati, na nakala ije tawini.

Katika mazungumzo yajayo tutadai siku maalumu ya kupeleka makato, na akichelewa mwajiri, faini ailipe yeye.