Maji ya Moto Yatangulie Wembe

BARAZANI
Na Athumani Mkwiche

Jumamosi iliyopita nilikuwa Njombe, harusini. Aliyewahi kushuka basi pale alfajiri ya mwezi wa saba hahitaji kuelezwa: mvuke unatoka mdomoni na maji ya bomba yanauma vidole. Asubuhi hiyo nikamsindikiza babu wa bibi harusi saluni, maana alikataa katakata kupigwa picha na wajukuu akiwa na ndevu za wiki mbili.

Kinyozi alikuwa kijana mwenye adabu zake. Akamwamkia mzee, akamkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, akafungua wembe mpya mbele ya macho yetu. Hapo nikampa alama zote. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nilivyogombana na watu kwa ajili ya wembe wa kuchangia, kuanzia Tandika hadi Tanga, na leo sirudi huko. Kisha akachukua chupa ya kupulizia iliyolala dirishani usiku kucha, akampulizia mzee kidevuni mara mbili, fyuu, fyuu. Akapaka povu kidogo. Povu lenyewe halijatulia, wembe umeshafika shavuni.

Kilichoniudhi kwanza ni sauti. Ndevu zikishalainika, wembe unapita kimyakimya. Huu ulikuwa unakwaruza, krr, krr, hadi mimi niliyekaa kwenye benchi nikawa nausikia. Mzee akakaza taya. Mikono yake chini ya kitambaa ikashika kiti. Kijana alipofika chini ya kidevu, pale ambapo ngozi imelegea kwa umri, akaivuta kwa vidole viwili na kuupandisha wembe kinyume cha ndevu zinavyolala. Zikabaki. Akarudia. Zikabaki tena, akarudia tena palepale. Vitone vya damu vikaanza kuchomoza, kimoja, kingine, na kingine. Mzee hakusema neno.

Nikasema mimi. Juu ya meza, hatua moja kutoka kwenye kiti, kulikuwa na jagi la umeme lililotoka kuchemka, mvuke bado unapanda kwenye kioo.

“Mwanangu, maji ya moto si hayo hapo?”

“Hayo ya skrabu, mzee. Skrabu ni elfu tano.”

Nikamwomba arudie, akarudia vilevile, bila kusitasita. Halafu akanielimisha: maji ya moto kabla ya kunyoa yanafungua vitundu vya ngozi na kuleta vipele, maji baridi yanavifunga. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo.

Basi naandika hapa niliyomwambia pale, na sipunguzi. Mteja anyolewe ndevu kwa maji ya moto, na maji hayo yatangulie wembe. Vitundu vya ngozi havina msuli wa kuvifungua wala kuvifunga, kwa hiyo hiyo hadithi ya maji baridi kufunga vitundu ifutwe saluni zote. Kazi ya maji ni kwenye unywele. Unywele mkavu ni mgumu, ukinywa maji unavimba na kulainika, na wembe unaukata bila kulazimishwa. Maji ya moto yanafanya kazi hiyo upesi, yanaondoa mafuta yanayozuia maji kuingia, na sabuni inatoa povu zuri zaidi. Kitambaa safi kilichochovywa na kukamuliwa, dakika mbili tatu kidevuni, imetosha. Sisemi maji ya kuunguza, hayo yanakausha na kuumiza ngozi. Nasema ya uvuguvugu ulioshiba, yale ambayo mama anayajaribu kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto.

Kuhusu vipele, kijana alikuwa anavitengeneza mwenyewe kwa vidole vyake viwili. Ndevu zetu zimejikunja. Ukivuta ngozi, ukakata unywele chini kabisa, ngozi ikiachiwa unywele unazama ndani ukiwa na ncha kali. Ukianza kuota unajipinda na kuchoma ngozi upya, na mwili unaupokea kama kitu kigeni: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha. Jambo hili ni zito kiasi kwamba Jeshi la Marekani, linalopenda nidhamu ya kidevu kuliko majeshi mengi, kwa miaka mingi liliwapa askari vibali vya daktari wasinyoe kwa sababu ya vipele hivyo, na wengi wao walikuwa watu weusi. Ukinyoa ndevu ngumu, utavuta. Ukivuta na kurudia palepale, utavuna vipele. Maji baridi ya kupuliza mara mbili ndiyo mwanzo wa safari hiyo.

Sasa twende kwenye elfu tano, maana ndiko kwenye mzizi.

Njombe haiko peke yake. Nendeni Sinza, nendeni Kinondoni, mtaona utaratibu uleule ukiwa umevaa vizuri zaidi. Unanyolewa kwa chupa ya kupulizia. Ukishamaliza kukwaruzwa, dada anakuja kukuchukua kwa upole, anakulaza kwenye kiti cha sinki, na hapo ndipo maji ya moto yanapoonekana: skrabu, masaji ya shingo, taulo la moto usoni. Ngozi iliyochanika dakika tano zilizopita sasa inasuguliwa kwa chembechembe na kupashwa moto, mishipa inatanuka, damu iliyokuwa inakauka inaanza upya. Mwisho inapakwa spiriti. Mtu anatoka machozi yanamlengalenga na amelipa bei ya juu kuliko zote ukutani.

Mpangilio umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Maji ya moto ni ya mwanzo. Ya baridi ni ya mwisho, ndiyo yanayotuliza ngozi na kubana mishipa. Saluni zimeyahamisha ya moto hadi mwisho kwa sababu mwisho ndiko kuna bei, na kunyoa kwenyewe kumebaki kazi ya kulipua ili mteja afike haraka kwenye sinki.

Najua waliopita JKT Mafinga watanipigia simu, kama kawaida yao. Watasema walinyoa kwa maji ya baridi saa kumi na moja alfajiri, katika ubaridi uleule wa nyanda za juu, na hawakufa. Ndugu zangu, nawaheshimu, lakini kule hamkuwa na jagi la umeme kando ya kiti, na hakuna aliyewatoza hela. Na wa Dar watasema maji ya tangi lao tayari yana joto. Sawa, lakini mipulizo miwili ni mipulizo miwili hata Dar. Unywele haujanywa kitu.

Nilipomrudisha mzee nyumbani, akina mama walikuwa uani wanaandaa karamu. Kila kuku aliyechinjwa alikuwa anazamishwa kwenye sufuria la maji ya moto kabla ya kunyonyolewa, na hakuna aliyeona kwamba ni anasa. Mzee wa watu, aliyelipa, alinyimwa heshima hiyo, kisha akakaa meza kuu amebandika vipande vya karatasi ya chooni kidevuni.

Wenye saluni, kama mnachoogopa ni kuipoteza hiyo elfu tano, ichukueni mlangoni. Mteja akikaa tu, aambiwe bei ya kunyoa ni hiyo, maji ya moto yamo ndani yake. Nitalipa, na wenzangu watalipa. Skrabu kaeni nayo.