Mbembeleze, usimtikise

Wazazi wenzangu, bembea tunaijua tangu utotoni: kamba kwenye tawi la mwembe, mtoto anakwenda na kurudi. Neno hilo lina ndugu yake, bembeleza: kumtuliza mtoto kwa mwendo wa taratibu na maneno laini.

Pale Mwaloni Kirumba, mtumbwi uliofungwa ufukweni huyumba na wimbi dogo, na hakuna anayeshtuka. Dhoruba ikija, unatikisika hadi vilivyomo vinagongana.

Kichwa cha mtoto mchanga ni hivyo hivyo. Ni kizito, na shingo yake bado haina nguvu. Ukimtikisa kwa hasira, ubongo unagonga fuvu na mishipa ya damu inapasuka. Anaweza kupofuka, kupata ulemavu wa kudumu au kufa, hata kama nje hana jeraha.

Kilio huzidi wiki za mwanzo, hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia miezi 3 au 4. Si ukorofi. Angalia kama ana njaa, amelowa au ana homa. Mbebe, tembea naye polepole. Uzalendo ukikushinda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, mwite bibi au jirani akupokee.

Akitapika, akilegea, akikataa kunyonya au akipata degedege, mwahishe hospitali, na mweleze daktari ukweli wote.

Haya mwambie baba, na dada wa kazi pia. Wao nao hubaki na mtoto anayelia.