Kikulacho ki Nguoni Mwako

Mali iliyo chini ya ardhi si mali mpaka itoke. Wananchi wa Aceh, nchini Indonesia, wanalijua jambo hilo. Gesi ya Arun iligunduliwa mwaka 1971. Baadaye msukumo wa chini ulipopungua, sehemu ya gesi iligeuka matone ya mafuta mepesi. Kwa vipimo, matone hayo hayakuzidi asilimia 2. Lakini yalijikusanya kando ya visima, yakaushika mwamba, na visima vingine vikapoteza nusu ya nguvu zake. Gesi ilizibwa njia na matone yake yenyewe.

Mwaka 2000 wataalamu Kewen Li na Abbas Firoozabadi walionyesha maabarani kwamba kemikali zaweza kuugeuza mwamba usipende kulowana, matone yakateleza kama maji juu ya jani la mgimbi, na gesi ikapita.

Twaipongeza elimu hiyo. Lakini hatuna budi kusema wazi: nyingi za kemikali hizo zina florini, na nyingi za jamii hiyo hukaa majini na ardhini miaka mingi bila kuoza. Mfanyakazi azishikaye na mwananchi anywaye maji ya jirani wana haki ya kujua kilichomiminwa kisimani.

Kwa hiyo twasema: nchi yenye gesi ya namna hii isiridhike na hesabu ya gesi iliyouzwa tu. Idai pia hesabu ya gesi iliyonaswa mwambani, na ya kemikali zilizoingizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.